Chozi wa Geita na Ndugu wa Ndege Wavumaji

Wasomaji wa Geita na Kahama hunitumia picha za ndege mdogo anayemeremeta kijani, mdomo mrefu uliopinda, kajishikilia kwenye ua la mgomba. Swali huwa moja: je, huyu ndiye yule wa kwenye televisheni, anayesimama hewani mbele ya ua huku mabawa yake hayaonekani kwa kasi? Siye. Huyo wa kwenye mgomba ni chozi. Yule wa televisheni ni mvumaji, na ndege wavumaji, walio katika familia ya Trochilidae, wanaishi katika mabara ya Amerika tu, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini ya Chile. Spishi zao ni zaidi ya 350, na hakuna hata moja iliyo na makazi Afrika.

Kuwachanganya hakukuanza leo. Carl Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeweka msingi wa majina ya kisayansi ya viumbe, alimpa jina chozi mweusi mwenye kifua chekundu mwaka 1766. Alimwita Certhia senegalensis, akamweka kundi moja na ndege wa Ulaya wanaopanda magome ya miti. Katika orodha yake, kundi hilo la Certhia lilifuatwa papo hapo na Trochilus, yaani wavumaji. Kwa macho ya wakati ule, mdomo mwembamba na rangi za kung'aa vilitosha kuwaweka jirani. Leo chozi yuleyule anaitwa Chalcomitra senegalensis, katika familia ya Nectariniidae.

Mtazame anapokula. Chozi hutua kwanza, akashika kikonyo kwa vidole, ndipo akazamisha mdomo. Anaweza kuelea kidogo, lakini huchoka upesi. Mvumaji ana bega linalozunguka kiasi kwamba bawa linageuka chini juu; hata linapopanda, linabeba kiasi cha robo ya uzito wake. Viota navyo vinasema. Cha mvumaji ni kikombe kilicho wazi juu. Cha chozi ni kifuko kinachoning'inia, kimeshonwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni na mara nyingi kibaraza juu yake.

Sasa, anayetaka kumwona ndugu wa wavumaji akiwa Shinyanga mjini hana haja ya bustani. Ainue macho kwenye madaraja na maghorofa, awatafute teleka, wale ndege weusi wenye mabawa kama mundu wanaozunguka kwa makelele jioni. Hao ndio jamaa wa karibu. Ukilikunjua bawa la teleka utakuta mfupa wa mkono wa juu ni mfupi na mnene ajabu, na sehemu ya kiganja ni ndefu mno. Bawa la mvumaji limejengwa hivyohivyo. Miguu ya wote wawili ni midogo, haifai kutembelea. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 na Jimmy McGuire na wenzake ulipima spishi 284 kati ya 338 za wavumaji na kuwagawa katika makundi makuu tisa. Kwa hesabu yao, ukoo huo ulitengana na ule wa teleka yapata miaka milioni 42 iliyopita.

Binamu wa mbali zaidi ni mpasuasanda, anayelala juu ya vumbi la barabara za Geita usiku, macho yakiwaka kwenye taa za pikipiki. Nakiri kwamba hapo wasomaji wengi hunikatalia. Lakini mifupa na vinasaba vinakubaliana. Wanachobishania wataalamu ni mipaka tu: wengine huwaweka wote katika oda moja na wapasuasanda, wengine huwaacha wavumaji na teleka peke yao katika Apodiformes, na kuna waliowahi kuwapa wavumaji oda yao wenyewe.

Na Afrika je, wavumaji hawakuwahi kufika? Afrika sijui visukuku vyao, ila Ujerumani vipo. Mwaka 2004 Gerald Mayr alieleza mifupa ya ndege aliyemwita Eurotrochilus, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 30 iliyopita akiwa na mdomo mrefu na mabawa ya kuelea. Kwa hiyo ukoo huo ulikuwa upande wetu wa bahari, ukatoweka. Chozi ameifanya kazi ileile ya maua akitokea ukoo mwingine kabisa, ule wa shomoro, kwera na hata kunguru.

Eneo letu limejaliwa chozi. Kandokando ya Ziwa Victoria yupo Cinnyris erythrocercus mwenye mstari mwekundu kifuani; kwenye migunga ya Shinyanga wapo Cinnyris mariquensis na yule wa Linnaeus. Wanategemeana sana na kirukia, mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Tumba lake la ua lililokomaa hubaki limefumba, likiwa na nyufa ndogo ubavuni. Chozi hupenyeza ncha ya mdomo kwenye ufa, ua likafyatuka, na chavua ikamrukia usoni. Huondoka na unga wa manjano kwenye paji hadi ua linalofuata.

Ndiyo maana ukataji wa miti ya matimba, yaani nguzo za kuegemezea maduara (mashimo) ya dhahabu, unaniuma. Mti mmoja unapoangushwa Nyarugusu au Rwamgasa unaondoka na kirukia chake na kiota kilichoning'inia. Shinyanga ilipata somo tofauti: mradi wa kuhifadhi ardhi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliwasaidia Wasukuma kurudisha ngitili zao, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa ili yaote tena, na migunga ikaota tena bila kupandwa. Mwenye miembe ana haki ya kukata kirukia, maana ni kimelea kweli. Ndani ya ngitili ningeomba kiachwe, angalau kwenye miti mikubwa, na kuni zikatwe baada ya kukagua ncha za matawi kama hakuna kiota chenye mayai.