Pima Kabla ya Kurekodi

Akina mama wenzetu, mwaka jana tulikwenda kumrekodi bibi mmoja mgonjwa wa kanisani kwetu. Alitaka kuwaachia wajukuu wake maneno ya wosia na wimbo mmoja. Alizungumza kwa sauti ndogo, nasi tukaongeza sauti inayoingia kwenye kinasa sauti chetu cha kidijitali. Alipoanza kuimba, sauti ilipanda ghafla na taa nyekundu ikawaka. Tukasema haidhuru, kwani enzi za kaseti mshale uligusa wekundu na wimbo ukasikika vizuri tu.

Jioni tuliposikiliza, wimbo ulikuwa unakwaruza mwanzo hadi mwisho. Kabla hatujarudi, bibi alilala katika Bwana.

Kosa lilikuwa letu. Kaseti huvumilia kidogo, lakini katika dijitali desibeli sifuri ndiyo dari. Sauti ikizidi hapo hukatwa kichwa, na kilichokatwa hakikuandikwa popote. Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini pia usirekodi kwa sauti ndogo mno, maana ukija kuiongeza, mvumo wa chombo na wa chumba utapanda nayo.

Sisi wauguzi hupima dawa kabla ya kumpa mgonjwa. Sauti nayo ipimwe hivi:

1. Weka kipaza sauti umbali wa shubiri moja hivi kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi isikipige.

2. Zima mtambo wa kujirekebisha sauti wenyewe, kama upo. Mtu akinyamaza, huo hupandisha kelele za chumba.

3. Usimwambie ahesabu moja, mbili, tatu. Mwombe aimbe pale anapopaza sauti kuliko kote.

4. Rekebisha kitufe cha sauti inayoingia, si kile cha kusikilizia, mpaka vilele vifike karibu na hasi 12. Visipite hasi 6. Nafasi inayobaki ni ya machozi, kicheko na vigelegele.

5. Rekodi nusu dakika, usikilize kwa hedfoni, ndipo uanze.

Wajukuu wa bibi wanayo maneno yake, wimbo hawana. Mpendwa msomaji, kama mama yako yu hai, mrekodi mwezi huu. Ila mwombe aimbe kwanza, nawe uitazame ile taa.