Safari ya Kisiwani Wakati wa Ugonjwa: Kikundi Kitaamuaje?



Mwanzoni mwa Machi 2021 tuliitwa na kikundi kimoja cha akina mama katika kaunti ya Machakos. Walikuwa 24. Kwa miaka miwili kila mmoja alikuwa akitoa shilingi 50 kila wiki, mbali na pesa za mzunguko. Hata mikutano ilipokatazwa mwaka 2020 waliendelea kumtumia mweka hazina kwa simu. Sasa walikuwa na karibu shilingi 125,000. Pesa hizo hazikuwa za mbuzi wala za tangi la maji. Zilikuwa za kwenda kuona bahari.

Mpango wao ulikuwa kwamba Pasaka, tarehe 4 Aprili, iwakute kisiwani Lamu. Mwenye basi alikuwa ameshapewa malipo ya kwanza, shilingi 30,000. Kijana wa mama mmoja, ambaye ni mpishi katika hoteli ya huko, alikuwa amewatafutia vyumba kwa bei nafuu.

Lakini korona ilikuwa inapanda tena, na kikundi kiligawanyika. "Twendeni, tumefungiwa mwaka mzima!" wengine walisema. "Tungojeni," wengine wakasema. Mwishowe mwenyekiti akatugeukia: "Na nyinyi wa ofisi mwasemaje?"

Tulijibu haraka, na tulikosea. Tulisema kila mtu apimwe, na akionekana hana ugonjwa, basi aende. Leo tunataka kueleza kwa nini jibu hilo halikutosha. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha, lakini magonjwa ya kuenea hayajaisha. Mwezi wa Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox katika Kenya alipatikana Taveta, mpakani. Siku nyingine kikundi chako kitakuwa na safari mkononi na ugonjwa mlangoni.

KUPIMWA NI KAMA PICHA

Kipimo kinaonyesha hali ya siku ile uliyopimwa. Ni kama picha: inakuonyesha ulivyokuwa ulipopigwa, si ulivyo leo. Mtu aliyeambukizwa korona aliweza kukaa siku 2 hadi 14 kabla ya kusikia homa au kikohozi, na aliweza kuwaambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajua kwamba yeye ni mgonjwa. Kwa hiyo unaweza kupimwa Jumatatu ukaambiwa huna kitu, ukapanda basi Alhamisi ukiwa nacho. Kupimwa kunasaidia, lakini si ngao.

Chanjo nayo ilikuwa imeingia Kenya mwanzoni mwa Machi 2021. Ilipunguza sana hatari ya kuugua vibaya na kufa. Lakini aliyechanjwa bado aliweza kuambukizwa na kumpa mwingine.

HATARI HAIKUWA UFUONI

Wengi wetu tuliogopa bahari na ufuo. Kumbe ufuo wenye upepo ni mahali pazuri kuliko pengi, kwa maana korona ilienea zaidi ndani, mahali penye watu wengi na hewa isiyotembea. Hatari ilikuwa safari yenyewe. Kutoka Machakos kupitia Mombasa hadi Mokowe, unapopanda mashua ya kuvuka kwenda Lamu, ni zaidi ya kilomita 700. Tena wakati ule kulikuwa na kafyu ya usiku, kwa hiyo ingebidi kulala njiani. Hebu fikirini: watu 24 na dereva katika basi moja lililofungwa madirisha, wakiimba, halafu wanne wanne katika chumba kimoja. Mmoja akiwa nao, wakifika wataupata wangapi?

KISIWA SI KAMA BARA

Jambo hili ndilo tulilolisahau kabisa. Sisi sote tuliuliza, "Tutaambukizwa huko?" Hakuna aliyeuliza, "Je, sisi tutapeleka nini?"

Machakos mgonjwa akizidiwa, gari humpeleka Nairobi. Kisiwani mgonjwa aliyezidiwa anahitaji mashua au ndege kabla ya kufika hospitali kubwa. Mji wa kale wa Lamu una vichochoro vyembamba, nyumba zimeshikana, na jamaa kubwa hukaa pamoja, wazee na watoto. Ugonjwa ukishuka gatini haukosi pa kwenda.

Mfano mkubwa uko mbali na kwetu, katika visiwa vya Samoa kwenye bahari ya Pasifiki. Mwaka 1918 homa kali ya mafua ilikuwa inazunguka dunia nzima. Tarehe 7 Novemba meli iitwayo Talune, iliyotoka Auckland, New Zealand, ilifika Apia katika Samoa ya Magharibi. Ndani mlikuwa na wagonjwa, lakini abiria waliruhusiwa kushuka. Katika muda wa miezi miwili hivi walikufa watu kama 8,500, yaani zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Visiwa vya jirani, Samoa ya Wamarekani, vilikuwa chini ya gavana John Poyer. Yeye alizuia meli na mashua zisiingize watu bila kukaa karantini. Huko hakufa hata mtu mmoja kwa mafua hayo.

Mafua ya 1918 na korona si ugonjwa mmoja, na Lamu si Samoa. Lakini funzo linabaki: kisiwa kina mlango mwembamba. Anayeupita akiwa na ugonjwa anawaachia wenyeji mzigo, naye anarudi zake nyumbani.

LAKINI KISIWA PIA HULA KWA WAGENI

Tusiseme upande mmoja tu. Yule kijana mpishi alikuwa amekaa miezi mingi bila mshahara. Alimwambia mama yake kwa simu, "Mama, msipokuja tutakufa njaa kabla ya korona." Maneno yake yalikuwa ya kweli. Mwenye mashua, muuza samaki, mwenye punda wa mizigo, wote hungojea mgeni.

Nchi nzima zilipata shida hiyo hiyo. Maldives, inayotegemea sana watalii, ilifunga milango Machi 2020 ikafungua tarehe 15 Julai mwaka huo huo. Wengi wa wageni hukaa katika hoteli zilizojengwa kila moja kwenye kisiwa chake, kwa hiyo ilikuwa rahisi kuwatenga na wenyeji. Shelisheli ilifungua kwa wageni wa karibu nchi zote tarehe 25 Machi 2021, ikidai cheti cha kupimwa, na wananchi wake wengi walikuwa wamechanjwa. Hata hivyo, mwezi wa Mei wagonjwa waliongezeka katika nchi zote mbili, na masharti yakarudishwa. Hatusemi ni wageni peke yao walioleta hali hiyo. Tunasema tu kwamba kufungua na kufunga kote kuna gharama, na anayeilipa mara nyingi ni mnyonge.

MASWALI MATANO KABLA YA KUPIGA KURA

Siku hizi kikundi kikituuliza, hatutoi jibu. Tunawapa maswali haya.

1. Kwetu ugonjwa uko namna gani? Kama unapanda hapa, sisi ndio hatari kwa wengine. Muulizeni mhudumu wa afya wa kijiji au daktari wa zahanati, si uvumi wa sokoni.

2. Huko tuendako, mtu akizidiwa atapelekwa wapi, kwa chombo gani, na nani atalipa?

3. Tutasafiri na kulala vipi? Je, tunaweza kupunguza watu na kufungua madirisha?

4. Nani anatungoja nyumbani? Nyanya mwenye sukari, mzee mwenye pumu, hao hawakupiga kura lakini matokeo yatawafikia.

5. Serikali ikifunga njia, pesa zetu zitarudi? Kama hakuna maandishi, jibu ni hapana.

Swali hata moja likikosa jibu zuri, shauri letu ni kuahirisha. Kuahirisha si kufuta. Na kama mnaweza, mtumieni mwenyeji wenu wa kisiwani sehemu ndogo ya malipo mapema, ili naye apate kitu cha kusukuma siku.

KIKUNDI KILE KILIFANYA NINI?

Tulirudi wiki iliyofuata tukaomba msamaha kwa jibu letu la haraka. Tukakaa chini ya mwembe tukazungumza mpaka jioni. Mama wa yule mpishi alilia. Mwishowe 17 walisema tuahirishe, 7 wakasema twende. Walikubaliana kumtumia kijana shilingi 6,000, zihesabiwe kama malipo ya vyumba siku watakapokwenda.

Tarehe 26 Machi serikali ilifunga Machakos pamoja na Nairobi, Kajiado, Kiambu na Nakuru. Hakuna aliyeruhusiwa kutoka wala kuingia mpaka tarehe 1 Mei. Mwenye basi alikataa kurudisha pesa, kwa maana hakukuwa na karatasi. Baada ya kuendewa mara tatu, alikubali kurudisha nusu. Kikundi kilipoteza shilingi 15,000.

Walikwenda Lamu Agosti 2022, basi jingine, mkataba umeandikwa. Lakini hawakuwa 24 tena. Mmoja wao, mama wa miaka 78, alifariki kwa ugonjwa mwingine miezi minane kabla. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa wazo la kuona bahari, na katika kura alikuwa mmoja wa wale 7. Wenzake walirudi na chupa ya maji ya chumvi wakaimwaga kaburini kwake.

Tunaeleza hili ili msidhani kwamba kungoja hakuna bei. Kuna bei. Lakini yeye mwenyewe, kura ilipohesabiwa, aliwaambia wenzake: "Sawa. Huko nako kuna akina nyanya kama mimi."

YA KUJADILIANA KIKUNDINI

Je, katika maamuzi yetu ya mwaka huu, ni nani asiyekuwepo mkutanoni lakini yatamgusa? Pesa zetu zilizolipwa mbele zina maandishi? Na ugonjwa ukiingia kesho, nani katika kikundi atatuletea habari za kweli?