Mtoto Wako na Dawa ya Usingizi Kabla ya Upasuaji wa Moyo

Leo tunazungumza nawe uliyeambiwa kwamba mtoto wako ana tundu moyoni na anahitaji upasuaji.

Akina mama wengi huuliza, "Je, ataamka?" Ni haki yako kuuliza.

Daktari wa usingizi humlaza mtoto kwa dawa ili asisikie uchungu. Mashine humsaidia kupumua. Moyo ukisimamishwa ili tundu lizibwe, mashine nyingine hufanya kazi ya moyo na mapafu. Muda wote huo, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na oksijeni hutazamwa bila kukoma.

Wewe nawe una kazi. Kwanza, fuata saa za kumfungisha mtoto. Dawa ya usingizi hulegeza koo. Tumbo likiwa na chakula, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni, na mtoto anaweza kufa. Kwa kawaida chakula, uji na maziwa ya ng'ombe au ya kopo huachwa muda wa saa 6 kabla ya dawa. Maziwa ya mama, muda wa saa 4. Maji huruhusiwa hadi karibu zaidi, kama utakavyoelekezwa. Usizidishe pia. Mtoto mwenye midomo ya buluu damu yake huwa nzito, na akikosa maji kwa muda mrefu inaweza kuganda. Upasuaji ukichelewa, muulize muuguzi kama anaweza kunywa.

Pili, sema kweli. Je, nyanya yake alimwonea huruma akampa uji alfajiri? Ana kikohozi, homa au jino linalotikisika? Ametumia dawa za miti shamba? Sema, hata kama unaogopa kugombezwa. Upasuaji ukiahirishwa, kuna siku nyingine.

Tatu, usichoke kuulizwa jina la mtoto na upasuaji anaofanyiwa. Wahudumu hawajasahau. Wanafuata orodha ya usalama, kama ile iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008.

Baadaye utamkuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, akiwa na mipira mwilini na bado amelala. Usishtuke. Mara nyingi madaktari humwacha alale kwanza ili moyo upumzike. Mshike mkono, umwite jina lake.