Kabla Hujamwambia Mama "Punguza Kula"

Likizo ikifika, wengi wetu tunarudi nyumbani na ushauri wa bure. Tunamkuta mama amenenepa, baba kitambi kimeongezeka, na kabla hata begi halijafunguliwa tumeshasema: "Mama, punguza kula." Wengine tunamletea na ile chai ya kupunguza tumbo. Sisi wenyewe tunakula chipsi mayai saa nne usiku na hatuoni chochote. Mama anakula ugali kidogo na mchicha, lakini gauni la mwaka jana zipu haipandi. Basi tunahitimisha kwamba anakula kwa siri. Biolojia inatuambia tusiwe na haraka hivyo.

Tuanze na neno linalobeba lawama zote: umetaboli, yaani kazi ambayo mwili unafanya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuitumia. Mtaani wanasema ukivuka miaka 30 umetaboli unalala. Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioongozwa na Herman Pontzer wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Walitumia vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wa siku 8 hadi wazee wa miaka 95. Walipozingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha mafuta na misuli, waliona kwamba matumizi ya nguvu kati ya miaka 20 na 60 ni karibu yaleyale. Yanaanza kushuka baada ya hapo, tena polepole, kama asilimia 0.7 kwa mwaka.

Sasa kama injini haijachoka, kwa nini mama wa miaka 48 anahangaika na uzito?

Kwanza, injini yenyewe inapungua ukubwa. Kuanzia miaka 30 hivi, mtu hupoteza kama asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila baada ya miaka 10, hasa asipoishughulisha. Misuli hutumia nguvu nyingi kuliko mafuta hata ukiwa umelala. Kwa hiyo mtu anaweza kupanda kwenye mzani akakuta kilo 70 zilezile za miaka 10 iliyopita, kumbe misuli imeondoka na mafuta yamekaa mahali pake. Mzani hauwezi kukuonyesha hilo.

Pili, stoo ya mafuta inakuwa nzito kufunguka. Mafuta ya mwilini hayakai tu. Kila siku mengine yanatolewa na mengine yanaingizwa. Watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walifuatilia watu 54 kwa wastani wa miaka 13 na kutoa matokeo mwaka 2019. Kasi ya kutoa mafuta ilipungua kwa wote, walionenepa na waliopungua. Wale ambao hawakupunguza chakula ili kufidia hali hiyo waliongezeka uzito kwa wastani wa asilimia 20. Maana yake, sahani iliyomtosha mtu akiwa na miaka 30 inaweza kumnenepesha akiwa na 45, bila kuongeza hata kijiko kimoja.

Tatu, homoni. Mwanamke anapokaribia ukomo wa hedhi, estrojeni inashuka, na mafuta yaliyokuwa yakikaa kwenye nyonga na mapaja yanahamia tumboni. Kipindi hichohicho wengi wanasumbuliwa na joto la usiku na usingizi wa mang'amung'amu, na mtu asiyelala vizuri huamka na njaa zaidi. Kwa wanaume testosteroni nayo hupungua taratibu kadiri umri unavyosogea, na inapopungua, kutunza misuli kunakuwa kazi.

Juu ya hayo yote, mwili unajilinda. Seli za mafuta hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na timu ya Jeffrey Friedman huko New York. Inaupa ubongo taarifa za akiba iliyopo. Ukikonda ghafla leptini inashuka, ubongo unadhani njaa imeingia nchini, unaongeza hamu ya kula na kubana matumizi. Mwaka 2016 walipimwa washiriki 14 wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser, miaka 6 baada ya kukonda sana. Wengi walikuwa wamerudisha kilo nyingi, na miili yao ikipumzika ilitumia kama kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Hizo ni kama chapati mbili kila siku. Sasa fikiria mtu ambaye tangu ujana amekonda na kunenepa mara tano.

Chakula bado kina maana, hilo halina ubishi. Ila "punguza kula" peke yake ni ushauri mbovu, kwa sababu anayejinyima bila mazoezi hupoteza na misuli. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta, kunyanyua kitu kizito. Kwenye sahani, maharage, dagaa na mayai visikosekane. Na kama uzito umepanda ghafla, aende hospitali, maana tezi ya thairoidi au dawa anazotumia zinaweza kuwa chanzo.

Na sisi tusijione tuko salama. Misuli tunayojenga sasa ndiyo akiba ya kuanzia hesabu hiyo ya miaka 30, na tunaosomea ualimu tunajua madaftari ya kusahihisha yanavyomkalisha mtu kitini. Likizo hii, mpe mama shikamoo, muulize analalaje siku hizi, kisha jioni nendeni mkatembee wote. Hiyo chai iache dukani.