Je, Wajua? Maneno ya Pembe ya Wino

Je, wajua kwamba katika karne ya 16 wasomi wa Uingereza walishikana mashati kwa sababu ya msamiati? Ugomvi ulihusu maneno mazito yaliyochotwa kwenye Kilatini na Kigiriki na kupachikwa kwenye Kiingereza. Waliochukizwa nayo waliyaita maneno ya pembe ya wino, kwa kuwa siku zile mwandishi aliweka wino wake ndani ya kipande cha pembe ya mnyama.

Je, wajua yalitokea wapi? William Caxton alileta mtambo wa kuchapa vitabu Uingereza mwaka 1476. Watu wasiojua Kilatini nao wakataka kusoma habari za tiba, sheria na falsafa, na watafsiri wakajikuta wamepungukiwa. Kiingereza kilikuwa na maneno tele ya shamba na bahari, lakini ya kuelezea hoja za mantiki yalikuwa haba.

Je, wajua kwamba neno “maturity”, yaani ukomavu, lilihitaji kuombewa nafasi? Sir Thomas Elyot alilitumia mwaka 1531 katika kitabu chake kuhusu malezi ya viongozi. Aliwaambia wasomaji wazi kwamba ni neno geni na gumu, ila likishazoeleka litaeleweka kama mengine yaliyotoka Italia na Ufaransa. Hivyo ndivyo mwandishi anavyopaswa kumtendea msomaji wake: ukileta neno geni, lifafanue papo hapo. Leo mwanafunzi wa sekondari wa kwetu anaandika “maturity” bila kulifikiria mara mbili.

Thomas Wilson hakuwa na subira kama ya Elyot. Mwaka 1553, katika kitabu chake cha ufasaha, aliweka barua ya bwana mmoja anayeomba kazi ya kanisa, barua iliyojaa Kilatini hata mtu asijue kinachoombwa. Alitaka wasomaji waicheke. Ukiisoma sasa utashangaa, maana “fatigate” (kuchosha), “adjuvate” (kusaidia) na “obtestate” (kusihi) yamekufa kweli, ila kandokando yake kuna “celebrate”, “extol”, “capacity” na “dexterity”, ambayo hakuna anayeyacheka tena. Yote yaliwekwa kwenye kapu moja.

Na je, wajua kwamba kitabu hichohicho kilimponza Wilson? Alipokuwa Roma alikamatwa na mahakama ya kanisa iliyowasaka wazushi, vitabu vyake vikiwa miongoni mwa ushahidi. Alitoka mwaka 1559, Papa Paulo wa Nne alipofariki na umati ukavunja gereza. Baadaye akawa waziri wa Malkia Elizabeth wa Kwanza.

Je, wajua kwamba kuna aliyejaribu kutafsiri Injili kwa maneno ya Kiingereza asilia karibu matupu? Ni Sir John Cheke, profesa wa Kigiriki wa Cambridge na mwalimu wa Mfalme Edward wa Sita. Aliona lugha inayokopa bila kulipa itafilisika. Katika tafsiri yake ya Mathayo, akida wa askari mia aliitwa “hundreder”, kusulubiwa kukawa “crossed”, na ufufuo ukawa “gainrising”. Mimi naona maneno hayo yana uzuri wake, na mkulima wa wakati ule angeyaelewa bila mwalimu. Lakini Cheke alifariki mwaka 1557, na tafsiri hiyo haikuchapwa hadi mwaka 1843.

Ralph Lever naye alichapa kitabu cha mantiki mwaka 1573, akaiita taaluma hiyo “witcraft”. Hitimisho kwake ni “endsay”. Maneno hayo hayakushika.

Je, wajua kwamba maneno yaliwahi kutapishwa jukwaani? Mwaka 1601 Ben Jonson aliandika tamthilia ya Poetaster, akamchora mpinzani wake John Marston kwa sura ya mshairi aitwaye Crispinus. Crispinus anapewa vidonge, analetewa bakuli, na mbele ya hadhira anaanza kutapika msamiati wake, neno baada ya neno. “Oblatrant”, lenye maana ya kubweka, likatoka. “Ventositous”, lililojaa upepo, nalo likatoka. “Furibund”, la ghadhabu, vilevile. Hayo yamepotea. Lakini ndani ya bakuli lilelile yalikuwamo “reciprocal”, “strenuous”, “spurious”, “defunct”, “clumsy” na hata “conscious”, neno ambalo leo hakuna daktari wala mwanasaikolojia wa Kiingereza anayeweza kufanya kazi bila hilo. Jonson alikuwa bingwa wa lugha, na bado hakuweza kuona lipi lingebaki.

Je, wajua kwamba kamusi ya kwanza ya Kiingereza kwa Kiingereza ilizaliwa na ugomvi huu? Robert Cawdrey, mwalimu wa shule, aliichapa mwaka 1604 ikiwa na maneno magumu takriban 2,500 tu, akisema ni kwa ajili ya wanawake na wengine ambao hawakufundishwa. Alilazimika hata kuwaeleza jinsi ya kuitumia: neno likianza na A, tafuta mwanzoni, likianza na V, tafuta karibu na mwisho. Nakala moja tu ya toleo hilo la kwanza inajulikana kubaki, nayo imo maktaba ya Bodleian, Oxford.

Henry Cockeram alikwenda mbali zaidi mwaka 1623. Sehemu ya pili ya kamusi yake ilipanga maneno ya kawaida na kumpa msomaji badala yake ya kifahari, ili aliyetaka kusikika msomi ajihudumie.

Je, wajua kwamba “impede”, kuzuia, lilikuwa na pacha wake “expede”, kuharakisha? Asili moja, umbo moja. La kwanza lipo, la pili limetoweka.

Maneno hayo yaliyokufa yana kwao. Kamusi kuu ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilichapwa kwa mafungu kuanzia 1884 hadi 1928, iliyakusanya pamoja na yaliyo hai, ikitia alama ya † mbele ya kila lililokwisha kuachwa.