Utando wa Hewa Kwenye Mpira wa Al Wakrah

Msomaji wetu, Mmombasa anayefanya kazi Al Wakrah, Qatar, alikuwepo uwanja wa Al Janoub tarehe 28 Novemba 2022, Kamerun ilipotoka sare ya 3-3 na Serbia kwenye Kombe la Dunia. Anauliza: mbona mpira ule uitwao Al Rihla ukiupapasa una vijishimo? Ungekuwa laini, si ungepenya hewa vizuri zaidi?

Hapana, ungechelewa. Twende moja kwa moja penye utamu.

Hewa inayougusa mpira hunata na kufanya tabaka jembamba, liitwalo "tabaka la mpakani". Mimi naliita utando, kama ule wa juu ya maziwa yaliyopoa. Utando ukishapita ubavu wa mpira kuelekea nyuma, hukutana na kanieneo inayozidi kupanda.

Fikiria kivuko cha Likoni, Mombasa. Feri imetua, mikokoteni inapanda mwinuko wa kutokea. Mchukuzi aliyechoka hukwama katikati, mkokoteni huanza kurudi, na wanaomfuata hulazimika kumkwepa. Nyuma yake hubaki vurugu tupu. Lakini vijana wenye nguvu wanaopita kando wakiingia, wakasukuma hatua chache, wakapokewa na wengine, mkokoteni hufika karibu na juu. Mchukuzi ni hewa ya kwenye utando. Vijana ni hewa ya nje, yenye kasi. Vijishimo na mishono ya mpira ndivyo vinavyowachanganya vijana na mchukuzi! Utando unashikilia mpira hadi nyuma zaidi, vurugu inakuwa nyembamba, na kipimo cha ukinzani kinaanguka kutoka takriban 0.5 hadi karibu 0.2.

Gustave Eiffel, yule wa mnara wa Paris, aliliona anguko hilo mwaka 1912 akipima matufe. Mwaka 1914 Ludwig Prandtl alilivisha tufe laini pete ya waya mwembamba, na ukinzani ukapungua. Nikiifikiria pete ile hadi leo nafurahi.

Mpira unaozunguka una mambo yake zaidi. Usiozunguka, kasi ikishuka kupita kiasi fulani, ukinzani hurudi ghafla, kama umeshikwa breki angani. Jabulani, mpira wa Kombe la Dunia la 2010, yenye vipande 8 tu na ngozi laini, ilikutwa na hayo kwenye kasi kubwa, ile ile ya mikwaju ya adhabu, na makipa wakalalamika sana. Al Rihla ina vipande 20, na vijishimo anavyovipapasa msomaji wetu vimeisogeza breki hiyo hadi kasi ndogo, mkwaju ukiwa umeshakwenda mbali.