Nani Atashika Zamu Yake?

Usawa kazini ukitajwa, wengi wetu hufikiria vyeo vya juu. Na hapa Njombe tunayo sababu ya kufikiri hivyo. Mheshimiwa Anne Makinda, aliyekuwa mbunge wa Njombe Kusini, ndiye mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Bunge la Tanzania, kuanzia 2010 hadi 2015. Tena tangu Machi 2021 nchi yetu inaongozwa na mama, Rais Samia Suluhu Hassan. Ni jambo la kumshukuru Mungu.

Lakini sisi tulio katika zahanati, vituo vya afya, shule na ofisi za halmashauri, huku kata ya Ramadhani mjini Njombe na kule Makambako, tunakutana na usawa mahali padogo zaidi: kwenye karatasi ya zamu iliyobandikwa ukutani. Hapo ndipo inapojulikana kama mjamzito wa miezi 8 atakesha wodini, kama mama mwenye mtoto wa miezi 4 atapata nafasi ya kwenda kunyonyesha, na kama mwenzake anayebaki atapata mtu wa kumsaidia.

Wapendwa akina mama, wengi wenu ni watumishi, au mna binti anayesubiri kuajiriwa. Tuanze basi na yale ambayo tayari yameandikwa, kwa sababu mara nyingi tunaomba kama hisani kitu ambacho ni haki yetu.

Sheria imesema nini

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inawahusu waajiriwa wa Tanzania Bara, wa serikali na wa watu binafsi, isipokuwa walio katika majeshi, polisi na magereza. Kifungu cha 7 kinamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa kabila au mahali alikozaliwa, rangi, dini, siasa, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, umri, au kwa kuwa ana virusi vya UKIMWI. Unyanyasaji nao umehesabiwa humo kuwa ni ubaguzi. Na kuna jambo moja zuri ambalo wengi hawalijui: mfanyakazi akionyesha dalili za kutosha kwamba amebaguliwa, ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba hakumbagua.

Kuhusu uzazi, sheria hiyo inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Likizo hupatikana katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri analazimika kuilipia mara 4. Kama mtoto amefariki kabla ya kutimiza mwaka, mama ana haki ya siku nyingine 84 ndani ya mzunguko huohuo. Tunalitaja hili kwa uchungu, maana mama aliyezika mtoto huwa hana nguvu ya kwenda kuuliza ofisini, na mara nyingi hakuna anayemwambia. Mabadiliko ya sheria za kazi ya 2025 yamemkumbuka pia mama aliyejifungua njiti, akaongezewa muda.

Halafu kuna usiku. Mjamzito hatakiwi kupangiwa kazi ya usiku katika miezi 2 kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, wala kabla ya hapo ikiwa daktari ameandika kwamba hawezi. Akijifungua, miezi 2 ya kwanza pia hapangiwi usiku. Usiku kwa mujibu wa sheria hiyo ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Na mama anayenyonyesha ni lazima aruhusiwe kunyonyesha wakati wa kazi, kwa muda unaofika saa 2 kwa siku.

Hesabu ya maziwa

Tunawafundisha akina mama kliniki kila siku: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6. Siku 84 ni wiki 12. Kwa hiyo mtumishi anarudi kazini mtoto akiwa hajafika hata nusu ya safari tuliyomwagiza. Zile saa 2 ndizo daraja pekee lililobaki. Mama akizikosa, maziwa hupungua, uji huanza mapema, na sisi wenyewe tunampokea mtoto huyo anaharisha.

Kwa anayeishi karibu na kituo, saa 2 zinatosha. Kwa anayepanga mbali, hasa mwezi wa Juni na Julai baridi ya Njombe inapong'ata, kumbeba kichanga kuja na kurudi ni shida. Wapo wanaokubaliana na mkuu wao kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema. Wapo wanaoletewa mtoto na dada wa kazi, ikiwa kituo kina chumba kidogo chenye mlango unaofungwa. Na maziwa yanaweza kukamuliwa nyumbani katika chombo safi chenye kifuniko, yakawekwa mahali pasipo joto; hukaa salama kwa muda wa saa 4. Mtoto apewe kwa kikombe, siyo chupa, kwa kuwa chupa ni vigumu kuisafisha na humfanya mtoto akatae ziwa.

Manung'uniko ya wodini

Sasa tufike kwenye jambo ambalo halisemwi kwenye semina. Anayemnunia mama mjamzito kazini mara nyingi siyo bosi mwanamume. Ni mwanamke mwenzake. "Huyu naye kila mwaka ana mimba!" Mmesikia maneno hayo, wodini na hata kwenye chumba cha walimu.

Ni rahisi kusema tu kwamba wanawake hatupendani. Sisi tunaona tuhesabu kwanza. Chukua kitengo chenye wauguzi 3 wanaogawana usiku. Kwa siku 84, kila mmoja hukesha usiku 28. Mmoja akienda kujifungua, wawili waliobaki wanakesha usiku 42 kila mmoja. Hao ni usiku 14 wa ziada kwa mtu ambaye naye ana mume, watoto na shamba la viazi linalongoja kupaliliwa. Akinuna, tumshangae? Haki ya mmoja imelipwa kwa usingizi wa mwingine, na aliyepaswa kuilipa, yaani mwajiri, hakutoa kitu.

Hapo ndipo sera ya usawa inapovunjika. Karatasi inampa mama likizo, lakini haileti mtu wa kushika nafasi yake. Na sheria yenyewe imeweka njia ya kuzuia hilo: mjamzito anatakiwa kumtaarifu mwajiri angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, akiambatanisha cheti cha daktari. Miezi 3 inatosha kumwazima muuguzi kutoka kituo chenye nafuu, au kuhamisha wafanyakazi kati ya vitengo. Mimba haiji kama ajali ya barabarani pale Makambako. Tarehe inajulikana. Kinachokosekana ni mtu wa kuichukua barua hiyo, kuiweka mezani kwa mkurugenzi na kuuliza: nani atashika zamu yake?

Tunajua kupanga kunawezekana kwa sababu tunafanya hivyo tayari katika jambo jingine. Ingawa tunaishi katika kata iitwayo Ramadhani, Wakristo tuko wengi, na wenzetu Waislamu tuko nao katika zamu. Krismasi wanatushikia zamu tukaimbe na watoto. Idd tunawashikia wao. Hakuna anayenuna, kwa kuwa kila mmoja anajua zamu yake ya kupokea itafika. Mtu hahitaji hotuba ya usawa wa dini akishaliona hilo likifanyika. Likizo ya uzazi ni ndefu kuliko sikukuu, kwa hiyo haiwezi kuachwa kwa wema wa marafiki peke yake.

Jambo la siri pia linaingia katika ratiba. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba mkoa wa Njombe una kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote, asilimia 12.7 ya watu wazima. Basi katika ofisi zetu huenda yupo mwenzetu anayetumia dawa na anayehitaji ruhusa ya kwenda kliniki. Anapoomba ruhusa hiyo hapaswi kuulizwa sababu mbele ya wenzake, na anayepanga zamu hana haki ya kuitangaza. Wenye ulemavu nao wana sheria yao ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha asilimia 3 wanatoka kwao. Angalieni katika ofisi zenu muhesabu wenyewe.

Na ikiwa anayepanga zamu anataka kulipwa kwa mwili ili akuondoe usiku, huo siyo uhuni tu. Ni rushwa ya ngono, kosa chini ya sheria ya rushwa ya 2007, na TAKUKURU ndiko pa kulipeleka.

Baba watoto naye asiachwe. Sheria inampa angalau siku 3 zenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 za kuzaliwa mtoto. Ni chache, jirani zetu Kenya wanatoa wiki 2. Lakini hata hizo 3 akina baba wengi hawaziombi, wakiogopa kuchekwa. Mwambie aombe.

Ukinyimwa haki yako, anza na mkuu wako wa kazi, kisha mkurugenzi wa halmashauri ambaye ndiye mwajiri wako. Asipokusikia, mtumishi wa umma hukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma. Usiende peke yako ikiwa una chama cha wafanyakazi, kiwe TUGHE, TALGWU au CWT. Makato yanakatwa kwenye mshahara wako kila mwezi, watumikie.

Barua ya taarifa ya ujauzito andika nakala mbili. Taja tarehe unayotarajia kujifungua, tarehe unayotaka kuanza likizo, na uombe waziwazi kwamba apatikane mtu wa kushika nafasi yako. Nakala moja iache ofisini. Ya pili igongwe muhuri wa mapokezi, uirudishe nyumbani na kuitunza pamoja na kadi ya kliniki.